Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uchunguzi wa Mwili na Ishara za Uhai katika Uuguzi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uuguzi anayejiandaa kuingia wodini, na pia kwa muuguzi aliyekwisha kuzoea kazi ambaye angependa kujikagua kama mazoea hayajampokonya usahihi. Yanahusu zaidi mtu mzima. Watoto wamepewa sehemu yao karibu na mwisho.

Ishara za uhai ni zipi?

Kwa desturi ni nne: joto la mwili, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu, ambalo wengi wetu huliita presha. Siku hizi kiwango cha oksijeni katika damu huhesabiwa kuwa cha tano katika wodi nyingi, na hali ya fahamu huandikwa pamoja nazo kwa sababu mgonjwa aliyeanza kuchanganyikiwa mara nyingi anatangaza hatari kabla presha yake haijashuka.

Zinaitwa ishara za uhai kwa kuwa kila moja ni dirisha la kazi ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Hata hivyo, namba yenyewe haina maana mpaka ijulikane imepatikanaje. Presha ya 158/94 iliyopimwa kwa mtu aliyepanda ngazi sasa hivi, huku akizungumza na mkono ukining'inia, si sawa na 158/94 ya mtu aliyepumzika dakika 5. Sehemu kubwa ya majibu yanayofuata inahusu tofauti hiyo.

Viwango vya kawaida kwa mtu mzima aliyepumzika ni vipi?

Joto la mwili huwa kati ya nyuzijoto 36.1 na 37.2 likipimwa mdomoni. Moyo hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Pumzi ni 12 hadi 20 kwa dakika. Presha inayotakiwa ni chini ya 120/80 mmHg (milimita za zebaki), na inayofikia 140/90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti huhesabiwa kuwa shinikizo la juu la damu kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani. Oksijeni huwa asilimia 95 hadi 100.

Viwango hivi ni vya watu wengi kwa jumla, wala havimwambii muuguzi hali ya kawaida ya mgonjwa aliye mbele yake. Mwanariadha mwenye mapigo 48 anaweza kuwa mzima kabisa. Mtu ambaye kwa miaka mingi presha yake imekuwa 170/100, ukiikuta leo ni 112/70, usifurahie uzuri wa namba. Uliza nini kimetokea. Mgonjwa anayetumia dawa zinazopunguza kasi ya moyo anaweza kupoteza damu nyingi bila mapigo yake kupanda kama ulivyotarajia, na mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa yoyote.

Mbinu za msingi za kuchunguza mwili ni ngapi?

Ni nne, na hufuatana hivi: kutazama, kupapasa, kugonga na kusikiliza. Utaratibu huo hufuatwa katika sehemu zote za mwili isipokuwa tumbo, ambalo lina mpangilio wake utakaoelezwa hapa chini. Kabla ya yote, muuguzi ananawa mikono, anajitambulisha, anaeleza anachotaka kufanya na kupata ridhaa, anavuta pazia, anahakikisha mwanga unatosha, kisha anafunua ile sehemu tu inayochunguzwa.

Kutazama si jambo la kila mtu? Kuna ustadi gani ndani yake?

Kila mtu anaona, lakini si kila mtu anatazama. Uchunguzi huanza mgonjwa anapoingia: anatembeaje, anakaa vipi, anaweza kumaliza sentensi bila kukatisha pumzi? Mtu aliyeketi akiinama mbele, mikono imeegemea magoti, mabega yakipanda kila anapovuta hewa, amekwisha kukueleza habari za mapafu yake kabla hujagusa stetoskopu.

Rangi ya ngozi inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu vitabu vingi vilieleza weupe, ubuluu na umanjano kama vinavyoonekana kwenye ngozi nyeupe. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, upungufu wa damu hutafutwa ndani ya kope la chini, kwenye ufizi, ulimi na viganja. Ukosefu wa oksijeni hutazamwa kwenye ulimi na utando wa ndani ya mdomo, ambao hugeuka kuwa na rangi ya kijivu au samawati. Umanjano hutazamwa kwenye weupe wa jicho, ikiwezekana kwa mwanga wa jua, maana taa yenye mwanga wa njano hudanganya. Wekundu wa uvimbe unaweza usionekane kabisa. Hapo mgongo wa mkono wako, unaohisi joto vizuri, ndio utakaokuonyesha palipo na tatizo.

Tazama pia pande zote mbili. Mwili una ulinganifu, na jicho huligundua kasoro kwa kulinganisha: kifua kinachopanda upande mmoja tu, mguu mmoja uliovimba, kona moja ya mdomo iliyoshuka.

Kupapasa kunafanywaje bila kumuumiza mgonjwa?

Pasha mikono joto na ukate kucha. Muulize mgonjwa ni wapi panapouma, kisha pachunguze mahali hapo mwisho. Ukianza napo, misuli itakaza na hutapata kitu tena. Anza kwa kupapasa juu juu, kina cha sentimita moja hivi, ndipo uende ndani zaidi ikiwa kuna sababu. Mtazame usoni unapopapasa, si mikononi mwako, kwa kuwa uso hukunja kabla ya mdomo kulalamika.

Kila sehemu ya mkono ina kazi yake. Ncha za vidole hutambua umbo, ukubwa na mapigo. Mgongo wa mkono hutambua joto. Sehemu ya kiganja iliyo chini ya vidole hutambua mtetemo, kama ule unaosikika kifuani mgonjwa anapotamka maneno kwa sauti.

Chukua mfano wa uvimbe wa miguu. Weka kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, juu kidogo ya kifundo, ukandamize kwa sekunde 5 au zaidi, kisha uondoe. Usiangalie tu, pitisha ncha ya kidole hapo taratibu, kwa sababu shimo dogo la milimita 2 huhisiwa kabla ya kuonekana. Shimo la milimita 8 ambalo linabaki kwa dakika kadhaa ni daraja la juu kabisa. Ukikuta shimo miguu yote miwili, fikiria moyo, figo, ini au upungufu wa protini. Ukilikuta mguu mmoja, hasa kwa mtu aliyelala kitandani siku nyingi, fikiria damu iliyoganda kwenye mshipa na usiukande mguu huo.

Kugonga kuna faida gani siku hizi ambapo kuna mashine za picha?

Faida yake ni kwamba vidole viko nawe saa 8 usiku. Mbinu hii ilielezwa mwaka 1761 na daktari wa Austria, Leopold Auenbrugger, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, na husimuliwa kwamba aliipata kwa kuona mapipa yakigongwa ili kujua kimiminika kimefika wapi. Kifua nacho ni pipa la aina yake: penye hewa hulia kwa mwangwi, penye maji au nyama hulia butu.

Laza kidole cha kati cha mkono usiotumia zaidi, kibane vizuri kwenye ngozi, vidole vingine vikiwa vimeinuliwa. Gonga kiungo chake cha mwisho kwa ncha ya kidole cha kati cha mkono wa pili, ukitumia mzunguko wa kifundo cha mkono na si nguvu ya bega, kisha ondoa kidole haraka ili usizime sauti. Pafu zima hutoa mwangwi wa chini. Ini hutoa sauti butu. Tumbo lenye gesi hulia kama ngoma. Sauti butu chini ya kifua ambako pafu lilipaswa kulia huenda ni maji au nimonia. Mwangwi uliopita kiasi upande mmoja, kwa mtu anayehangaika kupumua baada ya ajali, ni jambo la kuita msaada papo hapo.

Kwa kusema kweli, wauguzi wengi hawaitumii mbinu hii kila siku isipokuwa kukagua kibofu kilichojaa. Hakuna ubaya, mradi uweze kuifanya itakapohitajika. Jizoeze ukutani, kwenye meza, na kwenye paja lako mwenyewe.

Stetoskopu inatumiwaje ipasavyo?

Kifaa hiki kilianzia Paris mwaka 1816, René Laennec aliposita kuweka sikio lake moja kwa moja kwenye kifua cha mwanamke kijana, akakunja karatasi kuwa mrija na kugundua kwamba sauti ilikuwa safi kuliko awali. Kwa hiyo tangu mwanzo kilibeba mambo mawili: kusikia vizuri na kumhifadhia mgonjwa heshima yake.

Vipuli vya masikio vielekee mbele, upande wa pua. Upande wenye utando bapa hushika sauti za juu, kama za pumzi, za matumbo na sauti za kawaida za moyo, ukandamize kidogo. Upande wa kengele hushika sauti za chini, kama baadhi ya minong'ono ya moyo. Uuweke kwa wepesi, maana ukiukandamiza ngozi yenyewe hugeuka utando. Sikiliza kwenye ngozi, si juu ya nguo. Nguo hukwaruza, na mkwaruzo wa nguo ni rahisi kuudhania kuwa sauti ya mapafu.

Mapafu husikilizwa mgonjwa akivuta pumzi kwa mdomo, ukihama kutoka kushoto kwenda kulia kwa kimo kilekile, kuanzia juu kushuka, na mgongoni usipasahau kwa sababu sehemu kubwa ya chini ya mapafu iko huko. Mtatariko kama wa nywele zinazosuguliwa karibu na sikio huashiria maji au vijifuko vya hewa vinavyofunguka. Mluzi, hasa pumzi inapotoka, huashiria njia zilizobana. Mkoromo mkali unaosikika hata bila stetoskopu wakati wa kuvuta hewa huashiria kizuizi kwenye koo, na huo ni wa dharura. Kifua cha mwenye pumu kikinyamaza ghafla huku mgonjwa akizidi kuchoka, usidhani amepata nafuu, hewa haipiti.

Kifuteni kichwa cha stetoskopu kwa spiriti baada ya kila mgonjwa. Mikono tunanawa, lakini kifaa hiki husafiri kutoka kifua hadi kifua kikiwa shingoni mwetu.

Kwa nini tumbo husikilizwa kabla ya kupapaswa?

Kwa sababu kupapasa na kugonga huweza kuyachokoza matumbo na kubadilisha sauti ulizotaka kuzisikia. Kwa hiyo tumbo hutazamwa, husikilizwa, hugongwa, ndipo hupapaswa. Matumbo hutoa sauti takriban 5 hadi 30 kwa dakika, bila mpangilio maalumu, na kwa desturi hatuandiki kwamba hakuna sauti mpaka tumesikiliza kwa dakika 5 kamili. Mgonjwa akunje magoti kidogo ili misuli ya tumbo ilegee, na ikiwezekana aende haja ndogo kwanza.

Joto lipimwe wapi?

Inategemea mgonjwa. Mdomoni ni sahihi kwa mtu mzima anayejitambua, ila subiri angalau dakika 15 ikiwa ametoka kunywa kitu cha moto au baridi. Kwapani ni salama na hakusumbui, lakini namba yake huwa chini ya ile ya mdomoni kwa karibu nusu nyuzi, na kipimajoto kilichoshika nguo badala ya ngozi hutoa namba isiyo na thamani. Njia ya haja kubwa hukaribia joto la ndani na husoma juu zaidi kwa karibu nusu nyuzi. Haitumiki kwa mwenye damu inayoshindwa kuganda, kinga iliyoshuka sana au aliyefanyiwa upasuaji wa eneo hilo. Cha sikioni ni cha haraka, lakini kikielekezwa vibaya au kukiwa na nta nyingi husoma chini. Cha paji la uso hufaa kuchuja watu wengi mlangoni; nisingekitegemea kufuatilia mgonjwa mmoja mahututi.

La msingi ni kutumia mahali palepale kila mara na kupaandika. Ukipima kwapani asubuhi na mdomoni jioni, utaiona homa ambayo haikupanda.

Wastani wa nyuzijoto 37 tuliorithi unatokana na kazi ya Carl Wunderlich wa Leipzig, aliyoitangaza mwaka 1868 baada ya kupima maelfu ya watu, tena kwapani. Joto hupanda na kushuka ndani ya siku: huwa chini alfajiri na juu jioni. Nyuzi 38 na zaidi wengi huziita homa, na chini ya 35 mwili umepoa kwa kiwango cha hatari. Vipimajoto vya zebaki vinaondolewa kazini kufuatia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Kikivunjika, zebaki yake isishikwe kwa mkono wala kufagiliwa.

Mapigo yahesabiwe sekunde ngapi, na kwa nini dole gumba linakatazwa?

Dole gumba lina mapigo yake yenye nguvu, na unaweza kujihesabu mwenyewe. Tumia vidole viwili au vitatu vinavyolifuata, uviweke kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba la mgonjwa, ukikandamiza kiasi cha kuhisi pigo bila kulizima.

Mpigo ukiwa na mwendo sawa, sekunde 30 mara mbili zinatosha. Ukiwa haueleweki, hesabu dakika nzima, kisha nenda kwenye ncha ya moyo: kwa mtu mzima ni nafasi ya tano kati ya mbavu, upande wa kushoto, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Hapo watu wawili wakihesabu kwa wakati mmoja, mmoja kifuani na mwingine mkononi, wanaweza kupata 112 na 94. Tofauti hiyo ya 18 ni mapigo ambayo moyo umeyapiga bila kusukuma damu ya kutosha kufika mkononi, na huonekana hasa pale vyumba vya juu vya moyo vinapotetema ovyo. Mashine ya oksijeni ya kidole, ambayo nayo huhesabu mapigo, ingekupa 94 na kukuacha hapo.

Usiandike kasi peke yake. Andika pia mwendo na nguvu, kwa kuwa mpigo wa 120 uliojaa wa mtu mwenye homa si sawa na 120 mwembamba kama uzi wa mtu anayevuja damu ndani. Joto likipanda kwa nyuzi moja, mapigo kwa kawaida huongezeka kwa karibu 10. Yakiongezeka mno kuliko hapo, tafuta sababu nyingine. Na mishipa ya shingo isipapaswe yote miwili kwa pamoja.

Kwa nini tunaambiwa tuhesabu pumzi bila mgonjwa kujua?

Kwa sababu upumuaji ndiyo ishara pekee kati ya hizi ambayo mgonjwa anaweza kuibadilisha kwa kutaka. Mwambie "Mama, nahesabu unavyopumua," naye ataanza kupumua kwa adabu. Njia iliyozoeleka ni kumaliza kuhesabu mapigo, kubaki umeshika kifundo chake cha mkono kana kwamba bado unaendelea, kisha kuyahamishia macho kifuani au tumboni na kuhesabu kupanda na kushuka kama pumzi moja, kwa dakika nzima.

Hii ndiyo ishara inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo ambayo mara nyingi hubadilika mapema mgonjwa anapoanza kuzidiwa. Nimewahi kupokea zamu nikakuta jedwali ambalo wagonjwa wote wanane wameandikiwa pumzi 20, usiku kucha, kila saa 4. Nilipokaa kwenye kiti kando ya kitanda cha tatu na saa mkononi, nilihesabu 32. Huyo alikuwa na nimonia, na oksijeni yake bado ilikuwa asilimia 95 kwa sababu alikuwa akiifanyia kazi kubwa. Tangu hapo nikiona 20 zimepangana kama askari, narudia mwenyewe.

Pamoja na kasi, tazama kina na mwendo: pumzi nzito za haraka za mwenye asidi nyingi katika damu, kama mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa; au pumzi 8 za taratibu za mtu aliyepewa dawa kali za maumivu, ambaye haamki hata ukimwita.

Presha inapimwaje kwa usahihi?

Hapa ndipo makosa madogo hujumlishana yakawa ugonjwa usiokuwepo, au yakauficha uliopo.

Mgonjwa asiwe amevuta sigara, kunywa kahawa wala kufanya mazoezi ndani ya dakika 30 zilizopita. Awe ameenda haja ndogo. Aketi dakika 5 akiwa ameegemea kiti, nyayo zimekaa sakafuni, miguu haikupishana, na asizungumze, nawe usimsemeshe. Mkono uegemezwe juu ya meza, katikati ya mkanda unaojazwa hewa ikiwa usawa wa moyo. Mkono ukishuka chini ya moyo namba hupanda, ukiinuliwa juu yake hushuka. Mgonjwa akiushikilia mwenyewe hewani, misuli inayokaza huongeza namba pia.

Mkanda ndio chanzo cha makosa mengi. Mfuko wake wa hewa unapaswa kuzunguka angalau asilimia 80 ya mkono, na upana wake uwe karibu asilimia 40 ya mzunguko huo. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hupandisha namba kwa uongo, na kuna watu wameanzishiwa vidonge kwa ajili ya mkanda. Ufunge juu ya ngozi, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 2 hadi 3 juu ya kiwiko.

Tafuta kwanza mpigo wa kifundo cha mkono, jaza hewa mpaka upotee, ukumbuke namba hiyo, kisha toa hewa yote. Sasa weka stetoskopu kwenye ateri iliyo ndani ya kiwiko, jaza mpaka 30 mmHg juu ya namba ile, halafu fungua hewa polepole, 2 hadi 3 mmHg kwa sekunde. Sauti ya kwanza ni presha ya juu, na mahali sauti zinapotoweka ni presha ya chini. Kuna sababu ya kuanza kwa kupapasa: kwa baadhi ya wagonjwa sauti husikika, hunyamaza kwa muda, kisha hurudi. Anayejaza hewa mpaka ndani ya ule ukimya huandika 150 kwa mtu mwenye 200.

Hatua hizi zina historia yake. Mkanda uliletwa na Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na kwa kupapasa tu aliweza kupata namba ya juu. Namba ya chini ilipatikana kwa urahisi baada ya Mrusi Nikolai Korotkov kuweka stetoskopu chini ya mkanda mwaka 1905.

Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha utumie ule wenye namba kubwa. Tofauti inayozidi 20 mmHg iripotiwe. Usitumie mkono wenye mrija wa kusafishia damu, ulio upande wa titi lililoondolewa pamoja na tezi za kwapani, au unaopitisha dripu ikiwa mwingine upo. Ukirudia, subiri dakika 1 hadi 2.

Mgonjwa anasikia kizunguzungu akisimama. Nifanye nini?

Pima akiwa amelala kwa dakika 5, kisha akisimama dakika ya 1 na ya 3, ukiwa umesimama karibu naye. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, presha yake huanguka anaposimama. Akianza kuyumba, mlaze; kipimo kinaweza kusubiri.

Mashine ya kidigitali inatosha?

Kwa mgonjwa aliyetulia mwenye mpigo wa kawaida, ndiyo, ikiwa imehakikiwa na hukaguliwa mara kwa mara. Kwa mwenye mpigo usio na mwendo, anayetetemeka, au mwenye presha ya chini sana, rudia kwa stetoskopu. Mashine ikigoma mara mbili, usiilaumu betri kabla ya kumtazama mgonjwa.

Kifaa cha kidole cha oksijeni kinaweza kudanganya?

Ndiyo, tena kwa utulivu. Hupitisha mwanga mwekundu na ule usioonekana ulio karibu nao, kisha hukisia oksijeni kutokana na mwanga uliofyonzwa na damu inayodunda. Kwa hiyo vidole vya baridi, rangi ya kucha, kutetemeka na presha iliyoshuka hukivuruga. Kwa watu wenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi, na hilo si dogo pale mpaka wa kumpa mgonjwa oksijeni ni asilimia moja au mbili. Kwa aliyevuta moshi wa mkaa chumbani, kitaonyesha 99 huku mtu akifa, kwani hakitofautishi oksijeni na gesi ile yenye sumu iliyoshika nafasi yake. Mwenye upungufu mkubwa wa damu naye anaweza kusoma 98: damu chache aliyonayo imejaa oksijeni, lakini haitoshi.

Kwa baadhi ya wagonjwa wenye ugonjwa sugu wa kuziba mapafu, lengo ni asilimia 88 hadi 92, na kuwapandisha zaidi kunaweza kuwadhuru.

Maumivu ni ishara ya uhai?

Miaka ya 1990 nchini Marekani yalianza kuitwa ishara ya tano, na baadaye wazo hilo likalaumiwa kwa kuchangia utoaji wa dawa kali kupita kiasi. Kwa maoni yangu, jina si muhimu. Uliza, kwa kipimo cha 0 hadi 10, mgonjwa akipumzika na akijongea, na umwamini anachosema; kisha rudi kumuuliza baada ya dawa.

Watoto wanatofautianaje?

Kadiri mtoto anavyokuwa mdogo ndivyo moyo na pumzi vinavyokwenda haraka. Mtoto mchanga hupiga moyo takriban 110 hadi 160 na kupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika. Kwa mtoto mwenye kikohozi, Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa pumzi ni za haraka zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Hesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, ikiwezekana mapajani mwa mzazi. Anza na yasiyomsumbua: tazama, hesabu pumzi, sikiliza moyo; joto na presha vije baadaye, kwa sababu mtoto akishaanza kulia vipimo vyote vimeharibika.

Tazama kama kifua kinaingia ndani chini ya mbavu na kama matundu ya pua yanatanuka. Kandamiza ngozi ya katikati ya kifua kwa kidole kwa sekunde 5, achia, uone damu inarudi baada ya muda gani. Ikizidi sekunde 2 hadi 3, fikiria upungufu wa maji au mzunguko dhaifu. Usisubiri presha ishuke. Kwa mtoto hiyo hushuka mwisho.

Nipime mara ngapi, na ni lini nimwite daktari?

Mgonjwa aliyetulia hupimwa kwa utaratibu wa wodi, mara nyingi kila saa 4 hadi 8. Aliyetoka upasuaji hupimwa kila dakika 15 mwanzoni. Pima pia kabla na baada ya dawa inayogusa moyo au pumzi, kabla ya kuongezewa damu na dakika 15 baada ya kuanza, na wakati wowote mgonjwa au ndugu zake wanaposema kwamba hali imebadilika.

Hospitali nyingi hutumia alama za onyo la mapema. Ule mfumo wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha Uingereza, uliotolewa mwaka 2012 na kurekebishwa 2017, hupa alama upumuaji, oksijeni, matumizi ya oksijeni ya ziada, namba ya juu ya presha, mapigo, fahamu na joto. Jumla ya 5 huhitaji tathmini ya haraka na 7 ni dharura. Pumzi 25 au zaidi peke yake hupata alama 3, vivyo hivyo kuchanganyikiwa kulikoanza sasa. Lakini alama zikiwa 2 na moyo wako ukakuambia mgonjwa huyu hayuko sawa, piga simu.

Nikishapima, niandike nini?

Andika mara moja, ukiwa bado kando ya kitanda, si mwisho wa zamu kutoka kwenye kiganja ulichochorea kwa kalamu. Weka saa, mahali ulipopima, mkono uliotumia, mkao wa mgonjwa, na kama alikuwa kwenye oksijeni na ya kiasi gani. "Presha 96/58, mkono wa kulia, amelala, mapigo 118, membamba, mwendo sawa, pumzi 26, oksijeni 93 bila msaada, ngozi baridi na jasho, daktari wa zamu amearifiwa saa 9:40 usiku" ni sentensi ambayo mwenzako wa asubuhi anaweza kuianzia kazi. "Ishara za uhai: kawaida" haimpi pa kuanzia. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka, andika sahihi yako na saa, kisha uweke kipimo kilicho sahihi. Na pale ulipokosa kupima, kwa sababu mgonjwa alikuwa chooni au alikataa, andika hivyo hivyo, uache nafasi ya namba ikiwa wazi.